Mbezi Beach hadi Bagamoyo na kurudi: shajara ya fundi cherehani

Jumapili, 2 Juni 2024. Kilomita 11

Leo nimeanza. Baiskeli niliinunua Kariakoo mwezi uliopita, ya mtumba, ya mbio, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo na gia 14. Nilitoa shilingi 380,000, na fundi akanibadilishia cheni na nyaya za breki kwa 45,000 nyingine. Nataka kwenda nayo Bagamoyo na kurudi siku hiyohiyo. Kutoka kwangu Mbezi Beach ni kama kilomita 50, kwa hiyo safari nzima ni 100. Nina miaka 41. Baiskeli nilijifunza utotoni, nikaiacha nilipoingia kwenye ushonaji, na tangu hapo miguu yangu imekanyaga cherehani tu.

Nilitoka saa 12 na nusu asubuhi kuelekea Tegeta. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote, nikaipita bajaji iliyokuwa inatafuta abiria, simu ikanionyesha kilomita 26 kwa saa. Kufika Tegeta Kibaoni kifua kinawaka na mate yamekuwa mazito. Nikageuza. Wakati wa kurudi nilisimama mara 2, na nyumbani nililala sakafuni mpaka binti yangu akaniletea maji.

Naandika haya kwenye daftari la vipimo vya wateja, upande wa nyuma, kwa sababu ndilo daftari ninalolishika kila siku.

9 Juni. Wiki nzima kilomita 31

Goti la kulia linauma mbele, chini kidogo ya pia ya goti. Kazi yangu ni vipimo, lakini nilipanda baiskeli bila kujipima. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi huletwa na kiti kilicho chini mno, kwa kuwa goti linakunjwa kupita kiasi kila mzunguko. Kiti kikiwa juu mno maumivu huhamia nyuma ya goti, na nyonga zinaanza kuyumba huku na huku zikitafuta pedali.

Nilisimama ukutani bila viatu, kitabu kigumu nimekibana juu kabisa katikati ya mapaja, binti akavuta tepu kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni: sentimita 76. Ukizidisha kwa 0.883 unapata 67.1, nao ndio urefu kutoka katikati ya ekseli kuu, ile inayozungushwa na mikono ya pedali, hadi juu ya kiti. Hesabu hii ilienezwa na Mmarekani Greg LeMond, mshindi wa Tour de France wa 1986, 1989 na 1990. Kiti changu kilikuwa kwenye 63! Nimeamua kukipandisha sentimita 1 kila safari, si 4 kwa mara moja, maana misuli iliyokwisha kuzoea vibaya inahitaji muda wa kuzoeshwa upya.

16 Juni. Kilomita 14 tu

Wiki ya kuelekea Idi. Magauni 9, kanzu 4, na watoto wa jirani wote wanataka nguo zifanane. Nimelala saa 8 usiku siku tatu mfululizo. Sikulazimisha baiskeli.

30 Juni. Kilomita 28, Bunju na kurudi

Goti limetulia. Kiti kiko kwenye 67.

Leo nimekutana na mzee wa mkaa, na nafikiri amenibadilishia mradi wote. Nilimpita pale Boko, yuko kwenye baiskeli ya Phoenix ya zamani, magunia 3 nyuma, anakanyaga kama mtu asiye na habari na saa. Nikasimama kuvuta pumzi, akanipita. Nikampita tena, nikasimama tena kunywa maji, akanipita tena. Mara ya tatu nikapunguza mwendo nikawa ubavuni kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda wapi kwa haraka hivyo?"

"Sina haraka mzee, nafanya mazoezi. Nataka kufika Bagamoyo."

"Mbona unahema kama umefukuzwa? Mimi nina magunia matatu na bado nazungumza nawe."

Tulikwenda pamoja hadi Tegeta. Simu ilisoma kilomita 14 kwa saa. Akaniambia alianza kubeba mkaa kabla barabara hii haijawa na taa hata moja, na kwamba mlimani hashindani na mtu, anahesabu nguzo za umeme. Nilifika nyumbani sijachoka, jambo ambalo halijanitokea tangu nianze.

Usiku nilikaa kusoma. Kumbe alichosema mzee ndicho wanachofundisha walimu wa mbio za baiskeli: sehemu kubwa ya mazoezi ya mtu anayejenga stamina iwe kwenye kasi ambayo unaweza kuzungumza sentensi kamili bila kukatika. Kwenye kasi hiyo mwili unachoma mafuta kwa wingi, na ukirudia wiki baada ya wiki, misuli inaongeza mitokondria, zile chembe zinazotengeneza nguvu ndani ya seli, pamoja na mishipa midogo ya damu inayoleta oksijeni. Ukikimbiza kila siku, unamaliza akiba ya sukari, unachoka, kesho hutoki, na msingi haujengeki.

Kwa kuwa naendesha peke yangu, nimejitengenezea kipimo. Nataja vipimo vya mteja kwa sauti, kwa pumzi moja: kifua 96, kiuno 80, nyonga 106, urefu wa gauni 140, mkono 58. Nikikatika kabla ya mkono, nimezidisha mwendo, napunguza gia.

Jumapili, 7 Julai. Saba Saba. Kilomita 44, Mapinga na kurudi

Mara ya kwanza kuvuka mto Mpiji, yaani nimetoka Mkoa wa Dar es Salaam nimeingia Pwani kwa miguu yangu mwenyewe. Nilisimama darajani nikatazama maji dakika nzima. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

Bonde la Mpiji linateremka vizuri, kisha unalipia upande wa pili. Zamani ningesimama juu ya pedali nikapambana. Leo niliweka gia nyepesi kuliko zote kabla mlima haujaanza, nikakaa kitini, nikahesabu nguzo. Vipimo vya mteja nilikatikia kwenye nyonga, lakini sikusimama.

Polepole ni kazi ngumu kwa namna yake. Vijana wenye baiskeli za mlima wananipita wakicheka, bodaboda wananipigia honi, mwingine anauliza "Dada, tairi limeisha upepo?" Kila mara mguu unataka kujibu. Sikuujibisha hata mara moja, na mchana huu nimeshona kama kawaida.

21 Julai. Kilomita 56, Kerege na kurudi. Siku mbaya

Lazima niiandike yote.

Kwenda ilikuwa kama ndoto. Kilomita 23, 24 kwa saa, vipimo vya mteja vyote hadi mkono, sijasikia uzito wowote. Nilijua tu kwamba stamina imefika. Asubuhi nilikunywa chai na andazi moja, na mfukoni nilikuwa na ndizi moja ambayo niliona sina haja nayo. Kerege nikageuza, na nilipogeuza ndipo nilipokutana na kusi.

Mtu wa pwani nisiyekumbuka kusi! Tangu masika hadi mwezi wa tisa upepo huu unatoka kusini, na barabara ya Bagamoyo inakwenda kaskazini-magharibi. Ulikuwa unanisukuma mgongoni njia nzima nami nikajipongeza. Hesabu yake inatisha ukiifanya kwenye karatasi. Nikienda kilomita 20 kwa saa siku isiyo na upepo, mwili unapambana na hewa ya kasi ya 20. Upepo wa kilomita 15 kwa saa ukija usoni, napambana na hewa ya 35, na kwa kuwa ukinzani wa hewa unakua kwa mraba wa kasi, ni mara 3 ya ule wa kwanza. Ukija mgongoni, hewa inayobaki mbele yangu ni ya 5 tu.

Nilipofika Mapinga nilikuwa kwenye kilomita 13 kwa saa nikikanyaga kwa hasira. Baada ya Mpiji, miguu ikawa mitupu. Haikuuma, ilikuwa haipo. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi, na kichwa kikawa kizito hadi nikaliona fuso nyuma yangu nikashindwa kukumbuka nigeukie upande gani. Nikashuka. Nikakaa chini ya mwarobaini pale Bunju na sikuweza hata kumenya ndizi, mama mmoja muuza mihogo akanimenyea. Akanipa na chai yenye sukari nyingi, akakataa hela. "Kunywa kwanza mwanangu, mambo ya hela baadaye." Baada ya dakika 20 nilikuwa mtu tena. Kilomita 14 zilizobaki nilikwenda nikisukuma milima yote.

Kilichotokea kinajulikana. Mwili wa mtu mzima unahifadhi sukari kwenye misuli na ini, gramu 400 hadi 500 hivi, na ukiendesha kwa nguvu inaweza kuisha ndani ya saa 2. Mafuta yapo tele mwilini lakini yanaungua taratibu, na ubongo unaitegemea sukari. Ukiisubiri njaa ikuambie, umechelewa.

28 Julai. Kilomita 15 kwa wiki

Wiki ya kupumzika kwa makusudi. Nitafanya hivi kila baada ya wiki 3 za kuongeza. Mwili unajijenga wakati wa kupumzika, na kusema kweli nilikuwa na hofu ya kurudi barabarani.

4 Agosti. Kilomita 48

Nimeshona kifuko cha kitenge kinachofungwa mbele ya kiti, kina mfuniko ninaoweza kuufungua kwa mkono mmoja. Ndani: ndizi 2 na tende 12. Sheria mpya ni kula kila dakika 25, saa ikilia, niwe na hamu au sina. Lengo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi ya wastani ina kama 27, tende ndogo kama 5 au 6, kwa hiyo ndizi na tende 3 kwa saa inatosha. Nilijaribu kashata, ni tamu na inatia nguvu, ila karanga zake zinataka kutafunwa sana na mdomo ukiwa mkavu inakwama.

Kuhusu maji, nilijipima kwenye mzani wa duka la jirani kabla na baada ya safari ya saa 2: 68.4, kisha 67.2, na njiani nilikuwa nimekunywa lita 1. Maana yake nilitoa jasho la lita 2.2, zaidi ya lita 1 kwa saa, na huu ndio msimu wa baridi. Sasa nabeba chupa 2, moja ya maji matupu, nyingine ya maji, sukari, ndimu na chumvi. Nilitaka kutegemea madafu, lakini madafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho la mtu linachukua sodiamu zaidi. Dafu nitalinywa kwa raha yake, chumvi nitaitia mwenyewe.

11 Agosti. Kilomita 60

Leo habari ya kukaa. Wanawake wengi wanaacha baiskeli kwa sababu hii na hawaisemi, kwa hiyo nitaisema.

Nimepata vidonda. Nilikuwa navaa suruali ya mazoezi na chupi ya kawaida ndani yake. Nikiwa nimelala kwa ubavu jioni nikaitazama ile chupi kwa macho ya fundi, nikaona kosa lote. Mishono yake inakutana palepale mwili unapokalia kiti, na kila mshono una pindo lililopandana mara 3. Nakanyaga mizunguko kama 80 kwa dakika. Saa 3 ni mizunguko 14,400, na kila mmoja unasugua pindo hilo kwenye ngozi yenye jasho na chumvi. Hata ngozi ya kiatu ingetoboka.

Kaptula ya baiskeli yenye pedi huvaliwa bila chupi, na sababu ni hiyo ya mishono. Nilinunua moja ya mtumba Tegeta Nyuki, pedi imeshakufa, nikaifumua yote mezani kujifunza. Mshono wake ni bapa, kingo mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu bila kupandana, na sehemu ya kukalia haina mshono kabisa, ni pedi ya kipande kimoja. Nikakata yangu kwa laikra nene, nikashona kwa zigizaga, maana mshono ulionyooka unakatika kitambaa kikivutika. Pedi niliitoa kwenye kaptula nyingine iliyokuwa nzima. Juu yake navaa kaptula pana inayofika chini ya magoti, na ushungi mwepesi chini ya kofia ngumu. Kwenye mapaja, mafuta ya mgando.

Kati ya kazi zote nilizoshona mwaka huu, hii ndiyo ninayojivunia zaidi.

18 Agosti. Kilomita 70, Zinga na kurudi

Vidonda vimepona, kaptula imefanya kazi. Pancha moja Kiromo... hapana, nilikosea, ilikuwa kabla ya Zinga, kipande cha waya wa tairi la lori. Nilibadilisha tyubu mwenyewe kwa dakika 25.

Kurudi, kusi ilikuwepo. Nilishika sehemu ya chini ya usukani, nikainamisha mgongo, nikaacha kutazama kasi na kutazama pumzi tu. Kilomita 14 kwa saa, vipimo hadi mkono. Upepo ukikaza, naendelea na pumzi ileile na kukubali kasi ishuke. Nilimpita yule mama wa mihogo, nikasimama, nikanunua mihogo ya 1,000 na kumwachia kanga niliyomtengea. "Mwanangu umerudi na rangi usoni," akasema.

25 Agosti. Kilomita 20

Wiki ya kupumzika. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi. Nimeongeza tabaka la utepe kwenye usukani na nabadilisha mshiko kila tende.

8 Septemba. Kilomita 84, Kiromo na kurudi

Saa 4 na dakika 55 juu ya kiti. Basi moja lilinipita karibu mno pale kwenye rasta za Mapinga, nikatoka barabarani hadi kwenye mchanga, sikuanguka. Nimenunua taa nyekundu ya nyuma inayowaka na kuzima hata mchana, na nimeshona mikanda ya kung'aa mgongoni mwa fulana. Kuhusu uchovu sina la kuandika. Nilikula, nikanywa, nikafika.

15 Septemba. Kilomita 26 kwa wiki

Napunguza kabla ya siku yenyewe. Ni vigumu kukaa.

22 Septemba. Bagamoyo

Nimeamka saa 10 usiku, nikala uji wa ulezi na chapati 1, nikatoka saa 11 na nusu na taa zote mbili. Tegeta bado giza. Mpiji nilivuka jua limeanza kuchomoza, ukungu juu ya mto. Kusi ilikuwa laini na sikuitumia. Ilinisukuma lakini nilibaki kwenye 19, nikijua kwamba kila nguvu nitakayoihifadhi asubuhi nitaidai mchana.

Kerege, Zinga, Kiromo, kisha sehemu ambayo sijawahi kuikanyaga. Nilipita kibao cha magofu ya Kaole na moyo ukaanza kwenda mbio bila mlima wowote. Saa 2 na dakika 20 asubuhi nilikuwa ndani ya mji, nikapita misheni ya mwaka 1868, nikashuka hadi ufukweni wanakoshusha samaki. Nikaegemeza baiskeli kwenye ngalawa. Misafara ya Ujiji na Tabora iliishia kwenye ufukwe huu, watu wametembea miezi, mizigo mabegani. Nilinunua dafu, nikanywa nimesimama kwa sababu niliogopa nikikaa sitainuka. Kijana wa madafu akaniuliza nimetoka wapi na basi gani. Nilipomwambia, akaita wenzake 4 waje waione kaptula.

Nilianza kurudi saa 3 kamili. Hadi Zinga sawa. Kati ya Kerege na Mapinga jua limepanda, upepo wa kusi umechanganyika na upepo wa bahari, na kilomita 12 kwa saa ndiyo iliyowezekana. Saa ikilia nakula. Sikuwa na hamu kabisa, tende zilikuwa kama udongo, nikala. Kwenye mlima wa Mpiji, kilomita ya 83, nikaanza kuhesabu nguzo kwa sauti. Nilipofika ya 11 nikasikia kengele. Ni mzee wangu, magunia 3, anapanda upande uleule.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ulifika?"

"Nimefika mzee. Narudi."

Hakusema zaidi, naye alikuwa mlimani. Tulipanda pamoja, gurudumu kwa gurudumu, mpaka juu.

Nyumbani saa 6 na dakika 35 mchana. Kilomita 101, saa 5 na dakika 50 za kuendesha. Ndizi 5, tende 17, chupa 6. Binti yangu alikuwa ametandika mkeka barazani na kuweka pilau chini ya kawa. Nilikula sahani 2, kisha nikalia kidogo, sijui kwa nini, naye akanifuta uso kwa kanga yake.

24 Septemba. Kilomita 12

Kunduchi na kurudi, taratibu, kabla ya kufungua duka. Mapaja mazito, goti salama. Cheni inataka mafuta. Dada mmoja wa mtaa wa pili amekuja na kitambaa cha laikra, anaomba kaptula kama yangu. Nyonga 104, paja 61.